"Nipo Nipo Tu": Matunzo ya Mtoto Pale Mzazi Mwenzio Anaposema Hana Kazi

Hadi mwaka 2009, sheria ya Tanzania Bara ilikuwa na kikomo cha matunzo ambayo baba angeamriwa kumlipia mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa: shilingi 100 kwa mwezi. Ndiyo, mia. Ilirithiwa kutoka enzi za ukoloni, shilingi ikaporomoka miaka nenda miaka rudi, sheria ikabaki palepale mpaka mia ikawa haifiki hata nauli ya daladala ya kwenda bila kurudi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009 ndiyo iliyoifuta. Haikuweka namba nyingine mahali pake, na sidhani ilikosea, maana namba hiyo mpya nayo ingezeeka. Ila kukosekana kwa namba kumeacha swali moja libebe mzigo wote: huyu mzazi ana uwezo gani?

Hapo ndipo linapoingia jibu ambalo kila afisa ustawi wa jamii amelisikia mpaka amelichoka. "Kazi sina. Nipo nipo tu."

Wapo wanaosema kweli: kampuni imepunguza watu, mgongo umeumia, duka limeungua. Wapo walioacha kazi wiki chache baada ya kupokea wito. Na wapo ambao kazi ya mshahara kweli hawana, lakini wana bajaji mtaa wa pili na kadi yake imeandikwa jina la kaka. Wote watatu wanatamka sentensi ileile, na kazi ya mwenye kuomba nyongeza ni kumwonyesha hakimu ni yupi kati yao amesimama mbele yake.

Nitaandika kana kwamba anayedaiwa ni baba, kwa sababu ndivyo mashauri mengi yalivyo. Sheria ya Mtoto yenyewe inazungumza na mzazi, na mama asiyekaa na mtoto anaweza kudaiwa vilevile.

Tuchukue mfano wa kutunga

Mama anaishi Tandika, Dar es Salaam, anauza chakula. Akitoa mtaji, anabaki na kama Sh 250,000 kwa mwezi. Binti yake alizaliwa Machi 2012. Mwaka 2019, binti akiwa darasa la kwanza, mahakama ya watoto ilimwamuru baba alipe Sh 60,000 kila mwezi. Wakati huo baba alikuwa dereva wa malori ya kwenda nje ya nchi, mshahara Sh 800,000. Januari 2026 binti ameingia kidato cha kwanza, shule ya kutwa. Baba aliandika barua ya kuacha kazi mwaka 2024. Sasa anasema anaendesha bodaboda ya mtu, anapata kama Sh 5,000 kwa siku.

Mama anataka amri iongezwe. Jamaa wanamwambia asijisumbue: kama alishindwa kumpandishia akiwa na mshahara, atampandishiaje sasa hana? Swali hilo linasikika kama lina mantiki, na ndilo linalowarudisha wengi nyumbani bila kufungua shauri.

Tuanze na gharama, kwa sababu shauri la nyongeza huanzia kwa mtoto. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni Sh 200. Binti anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, siku 22 za shule, jumla Sh 17,600. Chakula cha mchana shuleni Sh 1,500 kwa siku, Sh 33,000. Sare, viatu na sweta ukivigawa kwa miezi 12, Sh 10,000. Madaftari na vitabu Sh 7,500. Matibabu Sh 10,000. Taulo za kike Sh 5,000. Nusu ya pango la vyumba viwili, Sh 50,000. Chakula cha nyumbani Sh 3,000 kwa siku, Sh 90,000. Jumla Sh 223,100, na hapo hujaweka mchango wowote wa ghafla wala tuisheni.

Sasa tumwamini baba kwa kila neno. Sh 5,000 kwa siku, siku 26, ni Sh 130,000 kwa mwezi. Kipato cha wazazi wote wawili kinakuwa Sh 380,000, na cha baba ni kama asilimia 34 yake. Asilimia 34 ya gharama za binti ni kama Sh 76,000. Kwa hiyo hata kwa maelezo yake mwenyewe, Sh 60,000 za mwaka 2019 ni pungufu. Sheria haimlazimishi hakimu kugawa kwa uwiano huu, lakini hesabu ya namna hii inampa mahali pa kushika. Niliiweka mapema makusudi, kwa kuwa wengi hudhani wasipomkamata baba kwenye uongo hawana shauri. Wanalo. Kukua kwa mtoto na kupanda kwa gharama ni sababu zinazojitegemea.

Kipato ni kitu kimoja, uwezo ni kingine

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka mahakama iangalie mambo matano kabla ya kutoa amri ya matunzo: kipato na mali za wazazi wote wawili; kupungua kwa uwezo wa kujipatia kipato wa yule mwenye wajibu; majukumu yake kwa watoto wengine; gharama za maisha pale mtoto anapoishi; na haki za mtoto kama zilivyo kwenye sheria hiyo, yaani chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na kadhalika.

Neno mshahara halimo. Kuna kipato, na kuna mali. Mtu asiye na hati ya mshahara lakini ana kiwanja Chanika na vyumba vinne vya kupangisha Mbagala ana vyote viwili, hata kama asubuhi anashinda kijiweni akicheza bao.

Jambo la pili kwenye orodha ndilo lenye utamu wa kisheria. Kinachotajwa ni kupungua kwa uwezo. Dereva aliyevunjika mguu uwezo wake umepungua, na mahakama inapaswa kulitazama hilo kwa huruma. Dereva aliyeandika barua ya kuacha kazi, mwenye afya, mwenye leseni ya malori ambayo bado iko hai, kipato chake kimepungua lakini uwezo wake uko palepale. Tofauti hiyo ndiyo hoja ya mama wa Tandika. Akiisema kwa maneno hayohayo mbele ya hakimu, na kuambatisha nakala ya leseni na barua ya kuacha kazi, atakuwa amefanya zaidi ya kueleza kwa saa nzima jinsi mwanamume yule alivyo mlevi.

Hata hivyo hoja hiyo ina mwisho wake. Kifungu hicho hakikuandika waziwazi kwamba hakimu amhesabie mzazi kipato ambacho angeweza kukipata lakini ameamua kutokipata. Kwa hiyo mama asitegemee kwamba mahakama itaichukua ile Sh 800,000 ya zamani na kuifanya msingi wa hesabu. Anachoweza kupata ni hakimu ambaye haukubali umaskini wa kujitakia kama kinga.

Wenzetu wa Kenya wameliweka wazi zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo, inaitaka mahakama ipime mapato au uwezo wa kupata mapato, pamoja na mali na rasilimali nyingine ambazo wahusika wanazo au wanatarajiwa kuwa nazo. Hilo "au" lina uzito: mhandisi anayesema anauza mitumba Gikomba anaweza kupimwa kwa uhandisi wake. Nyuma yake iko Katiba ya 2010, ibara ya 53, inayompa mtoto haki ya kutunzwa na baba na mama kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au la. Na mahakama za huko zimezoea kudai kila upande ulete hati ya kiapo ya mapato na matumizi, hivyo anayesema hana kitu analazimika kuapa kwamba hana kitu.

Kwingine wanatumia hesabu iliyokwishapangwa. Uingereza, kwa kipato cha kati cha kawaida, mzazi hukatwa asilimia 12 ya mapato yake kabla ya kodi kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, 19 kwa watatu au zaidi. Marekani kila jimbo lina mwongozo wake, na hakimu anaweza kumhesabia mtu kipato kinacholingana na ujuzi wake. Inapendeza kusoma, lakini jedwali kama hilo linahitaji nchi ambayo mapato ya karibu kila mtu yameandikwa mahali fulani. Kwetu hesabu ya bajaji inapokelewa mkononi saa mbili usiku.

Kwenye fikihi ya Kiislamu hoja hii ni ya zamani kuliko mahakama zetu zote. Nafaqa, yaani matunzo, inapimwa kwa wasaa wa anayetoa, na wako wanazuoni wanaosema baba mwenye nguvu za kufanya kazi analazimika kuhangaika ili mwanawe ale. Nalitaja kwa sababu Pwani na Visiwani mazungumzo mengi ya matunzo huanzia kwa sheikh kabla hayajafika kwingine. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Bara. Zanzibar ina yake, Na. 6 ya 2011, na ina mahakama za kadhi.

Kuonyesha maisha yasiyolingana na maneno

Mzigo wa ushahidi unamwangukia anayeomba, na huku kwetu unakuwa mzito kwa sababu kazi nyingi hazina karatasi. Lakini mtu anayeishi huacha alama. Pango analilipa nani? Watoto wake wa nyumba ya pili wanasoma wapi, na ada ya shule hiyo ni kiasi gani? Mtu anayedai kupata Sh 130,000 kwa mwezi huku akipanga nyumba ya Sh 200,000 ameshatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kuulizwa.

Rudi kwa baba wa mfano wetu. Tuseme mama anajua kuna bajaji inayolala kila siku uani kwa baba, kadi ina jina la kaka yake. Dereva wa bajaji hiyo analeta hesabu ya Sh 20,000 kwa siku, siku 26, yaani Sh 520,000. Ondoa matengenezo, bima, leseni ya njia na siku za kukwama, tuseme Sh 170,000. Inabaki Sh 350,000. Ongeza bodaboda anayoendesha, na tuikadirie chini, Sh 100,000. Jumla Sh 450,000. Kwa hesabu ileile ya awali, kipato chake sasa ni kama asilimia 64 ya cha wazazi wote wawili, na sehemu yake kwenye gharama za binti inakuwa kama Sh 143,000. Kutoka Sh 76,000 hadi Sh 143,000, na tofauti yote ni bajaji moja.

Anaithibitishaje? Dereva wa bajaji ndiye shahidi bora na ndiye asiyetaka kuja, kwa sababu kesho anahitaji bajaji. Majirani wanaweza kusema inalala wapi. Kama hesabu hutumwa kwa simu, taarifa ya miamala ya namba ya baba itaonyesha Sh 20,000 zikiingia kila usiku kutoka namba moja, na taarifa hiyo mahakama inaweza kuiagiza. Kama ni biashara iliyosajiliwa, jina la biashara au kampuni hutafutwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa ada ndogo. Kiwanja chenye hati kinaweza kufanyiwa upekuzi ofisi ya msajili wa hati. Kiwanja kisicho na hati, ambavyo ndivyo vingi, kina mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wanaojua kinamilikiwa na nani.

Halafu kuna picha. Watu wanasema hawana kitu mahakamani saa nne asubuhi na saa nne usiku wanaweka kwenye status picha ya nyama choma na sebule mpya. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki upokelewe, ilimradi uonyeshe umepatikanaje na haujachezewa. Hifadhi picha ikiwa na tarehe, na uwe tayari kueleza ni simu ya nani iliyoipiga. Lakini isiwe silaha kuu, maana jibu lake ni jepesi: nyama alinunua rafiki. Picha moja ni porojo. Picha za miezi minane za mtu yuleyule akiegemea bajaji ileile ni kitu kingine.

Na tafadhali usipekue simu yake. Najua nywila unaikumbuka tangu mkiishi pamoja. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hakuna sababu ya kumpa mtu unayemdai silaha ya kukushtaki. Iombe mahakama iagize.

Nguvu nyingi huishia mahali pabaya. Mama anakwenda na kurasa tano za historia ya ndoa: alivyopigwa, alivyosalitiwa, mawifi walivyomtenda. Ni maumivu ya kweli, na kipigo kina sheria yake na dawati lake polisi. Lakini kwenye ombi la nyongeza, karatasi moja yenye gharama za mtoto kwa mstari, na risiti zilizobanwa nyuma yake, inabeba zaidi ya zile tano. Mashauri mengine hukwama kwa sababu mama alipoulizwa "sasa unaomba kiasi gani?" akajibu "chochote mahakama itakachoona." Mahakama haioni. Mwambie Sh 143,000, na mwonyeshe umezipataje.

Wapi pa kuanzia

Kwa aliye na amri tayari, mlango ni kuomba ibadilishwe. Sheria ya Mtoto inaruhusu amri ya matunzo kubadilishwa au kufutwa kwa maombi ya mzazi, anayekaa na mtoto, au yeyote mwenye wajibu wa kumtunza. Angalia mwisho wa sentensi hiyo: baba naye anaweza kuomba ipunguzwe, na baadhi hukimbilia huko mara wanaposikia wewe unajiandaa.

Kama amri yako ilitoka ndani ya shauri la talaka, iko chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na hiyo inaruhusu kubadilisha amri kama ilitolewa kwa taarifa za uongo au zenye makosa, au kama hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Kipengele cha taarifa za uongo ni dawa ya bajaji iliyofichwa, endapo ilikuwepo tangu siku ya amri ya kwanza. Kuna mkanganyiko kidogo kati ya sheria hizi mbili: ile ya 1971 inamtwika baba mzigo wa watoto kwanza, ile ya 2009 inaangalia kipato cha wazazi wote. Kwa vitendo, ukienda kwa sheria yoyote, jiandae kuulizwa unapata nini wewe mwenyewe. Usilifiche genge lako la chakula. Ukikamatwa unaficha Sh 250,000 hutaaminika ukisema mwenzio anaficha Sh 350,000.

Kama huna amri, una karatasi tu ya makubaliano mliyosaini ustawi wa jamii, jua tofauti. Karatasi hiyo ni ushahidi mzuri kwamba alikiri wajibu na kiasi. Lakini kukazia hukumu, yaani kumlazimisha alipe, kunahitaji kuwe na amri ya mahakama. Wengi wamekaa miaka minne wakirudi ustawi kila mwezi kulalamika, wakati walichohitaji ni kwenda hatua moja mbele.

Hata hivyo ustawi ni mahali sahihi pa kuanzia. Afisa humwita mwenzio, na mara nyingine mambo huisha hapohapo, hasa kama unakwenda na hesabu badala ya lawama. Mkifika mahakamani, afisa huyohuyo anaweza kuagizwa kufanya uchunguzi wa kijamii: atembelee nyumba zote mbili, aongee na majirani, aandike ripoti. Kwa shauri la mzazi anayejificha kwenye "nipo nipo tu", ripoti hiyo ni dhahabu, kwa sababu mtu asiye na upande wowote ameiona bajaji kwa macho yake. Mwombe hakimu aiagize kama hajaiagiza.

Mahakama ya watoto haisikilizi mbele ya umma, na sheria inataka mwenendo wake usiwe wa kirasmi sana. Hakimu anauliza, mnajibu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Dar es Salaam mahakama ya watoto inayojulikana zaidi ni ya Kisutu, na kwa masuala ya ndoa na mirathi kuna Kituo Jumuishi cha Temeke. Usipoweza wakili, msaada wa kisheria upo kwa mujibu wa sheria ya 2017. Mashirika kama TAWLA, WLAC na LHRC yamekuwa yakifanya kazi hii miaka mingi.

Majibu utakayokutana nayo

"Shule ni bure." Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafika kidato cha tano na sita. Kilichofutwa ni ada. Nauli, sare, daftari na chakula bado ni vya mzazi, na ndiyo maana orodha yetu ya Sh 223,100 haina hata shilingi moja ya ada.

"Nina watoto wengine." Hili ni la kweli kisheria na linahesabiwa. Lakini linahesabiwa kama majukumu ya kugawana, na mtoto wa kwanza hafutiki kwa kuzaliwa wa tatu.

"Kama hela yangu haitoshi, nipe mtoto." Hili ndilo linalowatisha wengi mpaka wanaondoa shauri. Nani akae na mtoto huamuliwa kwa maslahi ya mtoto, na kwa aliye chini ya miaka saba Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba ni bora akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Binti wa miaka 13 atasikilizwa mwenyewe. Baba anayeitisha mtoto siku anapodaiwa nyongeza, na miaka saba hakuwahi kuomba hata likizo, atalazimika kuyaeleza hayo. Ila usimpe sababu: usimzuie kumwona mtoto kwa kuwa hajalipa. Kumwona ni haki inayosimama peke yake, na mama anayefunga mlango anahama kutoka upande wa mdai hadi upande wa mtuhumiwa.

"Nitakuwa naleta vitu." Mchele, mafuta, viatu. Kwa mzazi mwenye nia si wazo baya, hasa mkulima ambaye Juni ana mahindi na Desemba hana senti. Kinachohitajika ni kiandikwe kwenye amri: kilo ngapi, lini, na nani anasaini kupokea.

Amri ikishatoka

Kwa mfanyakazi wa serikali au kampuni, kukata mshahara kunamaliza kazi. Sheria ya Mtoto inaruhusu kukamata mshahara, kipato na hata mali ya anayekaidi, na baada ya siku 30 tangu amri itolewe unaweza kuomba ikaziwe. Lakini baba wetu hana mwajiri wa kumkata. Akiahidi Sh 143,000 kila mwisho wa mwezi, tarehe 30 itamkuta mfukoni ana Sh 20,000 za hesabu ya jana, maana zile za wiki tatu zimeshaliwa.

Kwa hiyo omba amri ifanane na namna hela inavyoingia. Sh 143,000 kwa mwezi ni kama Sh 33,000 kwa wiki. Mtu anayepokea hesabu kila usiku anaweza kuituma kila Jumapili kwa simu, na taarifa ya miamala ya simu yako inakuwa daftari la nani amelipa na nani hajalipa. Fedha za sare na vitabu za kila Januari ziombewe mstari wao, zilipwe moja kwa moja dukani au shuleni. Na kama ana mali isiyo ya kila siku, kiwanja kwa mfano, sheria inaruhusu pia malipo ya mkupuo.

Kukiuka wajibu wa kumtunza mtoto ni kosa pia, lenye faini isiyozidi Sh 5,000,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa maoni yangu hiyo ni ya kutaja, siyo ya kukimbilia. Miezi sita ya Segerea ni miezi sita bila hesabu, na bajaji ya kaka itakuwa kweli ya kaka.

Vipi yule asiye na kitu kweli? Yupo, tena wengi. Kumwekea Sh 143,000 mtu anayepata Sh 130,000 ni kuandika deni ambalo halitalipwa na kumfukuza mjini. Kwake omba kidogo kinacholipika, na omba amri iseme atarudi kupimwa upya baada ya miezi sita au akipata kazi. Mama wa Tandika, kama bajaji itaonekana kweli ni ya kaka, bado ana ile Sh 76,000, ambayo ni Sh 16,000 zaidi ya aliyokuwa nayo.

Baada ya hapo achukue kalenda. Amri ya matunzo hufikia kikomo mtoto anapotimiza miaka 18, isipokuwa mahakama iiendeleze kwa kuwa bado anasoma. Binti atamaliza kidato cha nne Novemba 2029. Atatimiza 18 Machi 2030. Kidato cha tano kinaanza Julai. Amri itakufa katikati, miezi minne kabla ya sanduku la bweni, godoro na nauli ya mkoani, na maombi ya kuiendeleza yanatakiwa yawe mezani kabla ya Machi.